Karai Lililojua Kupanda Tu

Mume wangu Wekoye alikuwa anasikiliza injini kwa meno. Msicheke. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, anaweka ncha kwenye chuma, mpini anauuma, anafunga macho, halafu injini inamweleza ugonjwa wake wote tangu siku ilipozaliwa huko Ulaya. Kuna moja ilimweleza na ya mwenye gari, kwamba mzungu fulani wa upande wa Endebess anakojoa kitandani. Hiyo Wekoye hakuitamka. Ni mimi niliitamka sokoni, na mzungu akauza shamba.

Basi ndivyo tulivyoishi. Yeye alikuwa masikio ya nyumba, mimi nilikuwa mdomo.

Alizaliwa juu kidogo ya Kimilili, kifungua mimba wa mzee Khaemba. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Wenzake wakichunga ng'ombe, yeye alikuwa anakanda udongo na mama, kwa hivyo tumbo la chungu alilijua kabla ya kujua tumbo la ng'ombe. Garimoshi lilipofika Kitale, alifunga blanketi moja akaenda kwa miguu kuangalia hicho chuma kinachopumua. Hakurudi. Nyuma ya stesheni kulikuwa na Kalasinga mmoja, fundi Gurcharan Singh, mwenye karakana ya mabati na ndevu za kutosha kujaza mto wa kulalia. Huyo akampa kazi ya kuosha nati kwa mafuta ya taa. Aliosha miaka miwili. Tulipooana, mwaka ule wa nzige, mafuta yalikuwa yameingia mpaka kwenye mifupa, na mimi nikakaa misimu mitatu sijaumwa na mbu hata mmoja. Nzige wenyewe walikula mahindi ya jirani, wakafika kwetu, wakanusa, wakarudi.

Wekoye alikuwa na mdogo wake, Wabwile, kitinda mimba wa mzee Khaemba. Huyo alikuwa mrefu, meno meupe, na kicheko cha kuamsha kuku. Wekoye alimfundisha kuendesha gari, na Gurcharan aliponunua lori kuukuu la kubeba viazi, vitunguu na mahindi kutoka mlimani mpaka kwa treni Bungoma, Wekoye alienda kwa baba yake kumwomba Wabwile awe dereva. Mzee hakutaka. Alivuta ugoro mpaka ukaisha puani. Halafu akasema, "Unamtoa hapa kwa miguu yake. Utamrudisha kwa miguu yake." Wekoye akaitikia. Neno hilo nilikuwepo likisemwa, nikipepeta wimbi nyuma ya nyumba.

Sasa lile lori lilikuwa na ugonjwa. Barabara tambarare linakwenda kama bibi harusi. Likishika mlima juu ya Kimilili, mwendo kidogo tu, tumboni linaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu anadai mlango ufunguliwe. Wabwile analizima, analala chini ya mti, likipoa anaendelea. Mara mbili beringi, zile pete za chuma ambamo injini inazungukia, zililika kabisa, na Wekoye akatengeneza nyingine, na zile nyingine pia zikalika. Gurcharan alisema ni oili mbaya. Madereva wengine walisema mlima haupendi Wahindi. Mimi nilisema mengi zaidi.

Wekoye aliupata ugonjwa mahali ambapo hakuna injini. Tulikuwa kwa baba yake, mavuno yamekwisha, wazee wameketi kuzunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu kama fimbo ya kuchungia. Mwisho wa mrija kuna kichujio kidogo kimesukwa, pombe ipite, machicha yabaki. Sisi wake wa boma kazi yetu ilikuwa kumimina maji moto ili chungu kisikauke. Siku hiyo chungu kilikuwa kimekaa vibaya, kimeinamia upande wa mlango. Mzee mmoja aliyeketi upande wa juu akaanza kulalamika ati mrija wake umetoboka, ati anavuta upepo. Akautoa, akaupuliza, akauchungulia kama darubini. Mzee Khaemba akamwambia, "Mrija hauna kosa. Chungu kimelala."

Nilimwona Wekoye akiacha kunywa. Mrija ulibaki mdomoni lakini mashavu yalikuwa yamesimama. Alfajiri akashika njia ya Kitale bila kungoja uji.

Kwa sababu, alinieleza baadaye akichora majivuni, chini ya kila injini kuna karai. Wenyewe wanaliita sampu. Humo ndimo oili inamolala, na ndani ya oili kuna mrija wa chuma, mwishoni una kichujio cha waya, kama wa wazee kabisa. Pampu inavuta kwa ule mrija na kugawia beringi zote. Karai la lile lori lilikuwa bapa kama sinia, na mrija ulinywea upande wa mbele. Lori likiinua pua kupanda mlima, oili yote inakimbilia nyuma. Mrija unabaki unavuta upepo. Na chuma kikikosa oili kinaanza kutafunana chenyewe.

Alilifungua karai, akalikata nyuma, akaligonga kwa nyundo siku nne mpaka likapata tumbo, tumbo la chungu cha mama yake, sawasawa. Mrija akauvuta nyuma ukanywee humo tumboni. Gurcharan alilala chini ya lori, akatazama, akatoka na matone ya oili kwenye ndevu.

"Kupanda mzuri sana, Wekoye," alisema. "Kushuka je?"

"Kushuka injini haifanyi kazi, Singh," Wekoye akamjibu. "Mzee akitoka kwa pombe anarudi nyumbani, hanywi tena."

Gurcharan alicheka. Wabwile alicheka. Mimi niliyeleta chakula nilicheka kuliko wote. Lilikuwa jibu tamu, na sisi kwetu jibu tamu hatuliulizi swali la pili.

Na kweli lilipanda. Lilipita kila mahali lilipokuwa linalala, halikugonga hata mara moja. Mimi nikalichukua jambo hilo nikaenda nalo sokoni Kimilili, nikalipa mabawa. Nilisema limepanda mvule kufuata asali. Nilisema limepanda ukuta wa kanisa, pasta akalibatiza huko juu. Nilisema Wabwile alisahau breki siku moja, likapanda mlima mpaka likapita kilele, likakuta Waganda wanapika matoke upande wa pili, likaomba chumvi. Watu walikuwa wanakuja sokoni bila kitu cha kununua. Wakiniona tu wanauliza, "Nakhungu, leo limepanda nini?"

Hadithi zangu zote zilikuwa za kupanda. Hakuna hata moja ya kushuka.

Kiangazi kile Wabwile alikuwa anashuka gia ikiwa huru, injini inasinzia, breki ndizo zinafanya kazi. Kwa hivyo hatukujua. Mvua zilipoanza, udongo wa mlima ukawa sabuni, na breki peke yake hazikutosha. Ikabidi ashuke kwa gia ndogo, lori lenye mzigo linasukuma injini nayo inapiga kelele. Jumatatu moja alipoleta lori Kitale, Wekoye aliweka bisibisi, akauma, akafunga macho. Alikaa muda mrefu. Wabwile alikuwa amekwenda kutafuta chai, na lori lilikuwa linangojewa Bungoma, kwa hivyo Wekoye hakusema kitu. Labda alitaka kuwa na hakika kwanza. Fundi mzuri hapendi kusema ugonjwa kabla ya kuupa jina.

Jina alilipata kesho yake, lori likiwa limekwenda. Nilikuwa nafunga mzigo nirudi Kimilili kupalilia shamba letu. Akanijia na mikono yake myeusi, akachuchumaa mbele yangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata siku ya kuniposa.

"Mama Agneta," akasema. Agneta ni msichana wetu wa kwanza. "Sikiliza. Kushuka kwa gia injini inazunguka kuliko kupanda. Na oili inakimbilia mbele, mrija wangu uko nyuma. Mwambie Wabwile asishuke na mzigo mpaka nije Jumamosi. Kama hana budi, kila kona kuna pahali tambarare. Asimame, azime, ahesabu mpaka mia mbili oili irudi kwa mrija. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Akanifanya nirudie. Nikarudia, neno kwa neno. Yeye mwenyewe hangeweza kuja, kwa maana kulikuwa na mashine ya kupura ngano ya mzungu imefunguliwa vipande vipande, na Gurcharan alikuwa ametoa ahadi ya Ijumaa.

Njia nzima niliyabeba maneno hayo vizuri. Nataka mjue hivyo. Sikuyasahau.

Nilifika Kimilili siku ya soko. Lori lilikuwa limesimama karibu na wauza ndizi, tupu, linaelekea mlimani, na Wabwile amekaa juu ya bawa la gurudumu anamenya ndizi, watu wamemzunguka. Kabla sijatua mzigo akaniita, "Mulamwa, njoo uwaambie hawa, leo limepanda nini?" Sisi shemeji, kutaniana ndiyo salamu yetu. Watu wote wakageuka. Nyuso zote kwangu, midomo imeshaanza kufunguka kabla ya kicheko.

Ningemvuta kando. Ilikuwa hatua kumi tu mpaka nyuma ya lori. Lakini kugeuza mgongo nyuso zikiwa zinangoja, mimi sikujaliwa hivyo.

"Leo halipandi," nikasema. "Leo limezeeka. Limekuwa bibi kizee anayeokota kuni. Mwenye karai amesema ukishuka na mzigo, kila kona ulisimamishe, likae chini, likohoe, lijikune, uhesabu mia mbili ndipo liinuke. Vinginevyo lisubiri Jumamosi lije kukandwa mgongo."

Walicheka. Mama mmoja alimwaga maziwa. Wabwile aliruka chini, akashika kiuno, akatembea ameinama kati ya mafungu ya ndizi, "moja, mbili, tatu," anakohoa, anajikuna. Sijawahi kuchekesha watu vile, kabla wala baadaye. Akapanda lori, akapiga honi, akaenda. Nilimpungia mkono. Nilijiambia ujumbe umefika, maana maneno yote yalikuwemo.

Yaliyobaki niliambiwa baadaye, mimi peke yangu, na Cheptoo, mama wa mlimani aliyekuwa anateremsha vitunguu vyake, amekaa juu ya magunia. Kesho yake walishuka na mzigo, mvua inanyesha. Kona ya kwanza Wabwile alisimama. Alizima kabisa. Akatoa kichwa dirishani akamwambia Cheptoo kwamba shemeji yake ameagiza bibi kizee apumzike. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika kumi akashikwa na kicheko, akasema, "Nakhungu ataniua," akawasha.

Kona ya pili hakusimama.

Chini ya ile ya tatu, Cheptoo anasema, kelele ya injini ilikatika ghafla, kama mtu kazibwa mdomo. Injini ilikuwa imeshika, chuma kimegandana na chuma, na magurudumu ya nyuma yakafungwa nayo. Lori likateleza upande kwenye tope, polepole kwanza. Cheptoo alitupwa kwenye kichaka cha upupu. Wabwile alikwenda na lori korongoni.

Waliomrudisha kwa baba yake walikuwa wanaume sita, juu ya mlango uliong'olewa.

Wekoye alifika, akamwangalia ndugu yake, halafu akaenda korongoni peke yake. Mimi nilimfuata kwa mbali. Alijilaza kwenye tope chini ya lile lori, akafungua nati ya karai, akakinga debe. Oili ikatoka, ikatoka, haikuisha haraka. Ilipokoma akachukua kijiti akapima. Ilikuwa kamili. Hakuna hata kijiko kilichopotea. Ilikuwepo yote, imelala upande wa mbele, na mrija ulikuwa nyuma.

Alikaa na lile debe kati ya magoti.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia," nikasema.

"Akasema nini?"

"Alicheka."

Hakuuliza tena. Nikaona kitu kinafungwa usoni mwake. Alidhani mdogo wake alicheka neno lake, alilidharau neno la kaka. Na mimi niliyejua kuongea tangu tumboni mwa mama, siku hiyo sikuwa na ulimi.

Baada ya matanga mzee Khaemba aliwakalisha wanaume wa boma. Akamuuliza Wekoye mbele yao kama karai ni kazi ya mkono wake. Akasema ni yake. Akamuuliza kama alijua lina kosa kabla Wabwile hajashuka.

"Nilijua," Wekoye akasema.

"Na ukanyamaza?"

Hapo ndipo angesema, nilimtuma mke wangu. Lakini angesema hivyo, wangeuliza Wabwile alijibu nini. Na Wekoye hakutaka ndugu yake alale kaburini na jina la mtu aliyemcheka mkubwa wake. Akatazama miguu yake. Mzee akainuka, akaenda kwenye mianzi iliyotundikwa darini ambamo mirija ya wanaume wote wa nyumba ile inahifadhiwa, akautoa wa Wekoye, akampa.

"Nenda nao," akasema. "Hapa huna chungu."

Wengine watasema pombe ni pombe tu, si angekunywa kwingine. Kwetu mtu asiye na mahali pa kuingiza mrija kwa baba yake, huyo hata mbwa wa boma wanamuuliza anatoka wapi.

Tulirudi Kitale. Mrija aliuchomeka kwenye paa, juu ya kitanda, na chini yake alilala miaka tisa. Mwaka ule ule alitengeneza karai jipya. Lilikuwa na shimo katikati, si mbele wala nyuma, mrija umesimama humo, na kulizunguka kuta ndogo za bati, kila ukuta una kilango kinachofunguka kuelekea ndani tu. Lori likipanda, oili inayotaka kukimbia inakuta mlango umefungwa. Likishuka, vilevile. Alilijaza maji, akaliinamisha huku na huku mbele ya Gurcharan, na maji hayakutoka shimoni. Gurcharan akamwekea mkono begani. Madereva walikuja kutoka Ndalu, kutoka Bungoma, wakiuliza fundi wa vilango. Vita vilikuja, vikaisha, na hakuna karai lake lililowahi kuua beringi tena. Waliniuliza sokoni limepanda nini. Niliwaambia naumwa jino.

Mwaka wa tisa tukasikia mzee Khaemba amepofuka na hatoki nje. Nikaenda bila kuaga. Mke wa mtoto haketi uso kwa uso na baba mkwe, kwa hivyo nilikaa nje, mgongo kwa ukuta, pale udongo ulipopasuka sauti ikapita.

"Papa," nikasema, "ni Nakhungu. Nimeleta habari ya lori."

Akaanza kucheka kabla sijaanza. Alikuwa anapenda hadithi zangu, kumbe, na miaka yote hiyo hakuna aliyemletea moja. "Haya mwanangu," akasema, "leo limepanda nini?"

Nikamwambia. Nilimpa maneno ya Wekoye kama nilivyoyarudia Kitale, na nikampa maneno yangu ya sokoni, bibi kizee na kujikuna na kukohoa, kila kitu. Nikamwambia na ya Cheptoo.

"Alisimama kona ya kwanza?" akauliza.

"Alisimama, papa."

"Akahesabu mpaka ngapi?"

"Kumi."

Basi nikamsikia huko ndani, sauti ndogo, anasema kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Hakuharakisha. Nilikaa pale, kuku wakapita, jua likasogea kutoka magotini mpaka miguuni, na mzee akahesabu mpaka mia mbili. Alipomaliza akasema, "Mwambie aje na mrija wake."

Nilimwambia Wekoye yote, mlangoni mwa karakana. Nilikuwa nimefunga nguo zangu tayari, nikingoja kufukuzwa. Aliifuta bisibisi mpaka ikang'aa. Halafu akasema, "Kwa hivyo hakunidharau." Hilo tu. Akalirudia mara mbili. Hakunifukuza. Lakini tangu siku hiyo, akiwa na neno la kupeleka mahali, alilipeleka mwenyewe.

Alikwenda. Wakampa nafasi karibu na baba yake, lakini akazunguka akaketi upande wa pili. Nilikuwa nashika kibuyu cha maji moto, nikaona alikochagua. Chungu cha boma lile hakijawahi kukaa sawa, sakafu yenyewe inateremka kuelekea mlangoni. Wekoye alikaa upande wa juu, na mrija wake aliuingiza kidogo tu, ncha haikugusa pombe, akawa anavuta upepo kama lile lori.

Nilipoinama kumimina maji niliokota jiwe dogo, nikalisukuma chini ya chungu upande wa mlango. Pombe ikamfuata alipo. Yeye hakunitazama. Aliuvuta mrija juu, upana wa vidole viwili, akaendelea kubonyeza mashavu kama wenzake.

"Wekoye," mzee akaita, macho yake meupe yanatafuta. "Pombe inakufikia?"

"Inanifikia, papa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akavuta wake.

Kila mavuno nilisukuma jiwe, na kila mavuno aliuvuta mrija. Mzee Khaemba alikufa bila kujua. Wekoye naye alimfuata mwaka ambao Gurcharan alifunga karakana, kifua tu, siku tatu. Tulipogawa vitu vyake wanawe walichukua nyundo na bisibisi. Mimi niliomba mrija. Nilitia kichujio chake mdomoni nikanyonya, nikitafuta japo uchachu kidogo wa zamani. Kilikuwa na ladha ya nyasi kavu.